Upanga wa Kapteni Burdette

Millgrove, Ohio
14 Machi 1864

Kwa kaka yangu mpendwa Orrin,

Leo nimejiapiza kukuandikia yote, hata yale yanayonitia aibu. Kwanza, hujambo huko kambini? Kikohozi kimepungua? Sisi hapa tu wazima. Mama amekufumia jozi mbili za soksi, na anakuombea kila siku, ingawa tangu kaka yetu Alpheus auawe vitani haimbi tena kanisani.

Kapteni wenu Burdette amekuja likizo. Unakumbuka vijana wa kombania walivyompigia kura awe kapteni, baada ya kuwalisha pai na kuwafungulia pipa la pombe ya tufaha? Alpheus ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Sasa yule fundi wa matandiko ya farasi anavaa glavu nyeupe, anasimulia vita dukani na anangoja kupandishwa awe meja. Mzee Tolliver alimuuliza mbele ya watu, “Burdette, hao waasi wa Kusini uliwaona wewe, au farasi wako ndiye aliyewaona kwa mkia, mkikimbia?”

Jumamosi mji ulikusanyika kumkabidhi upanga wa heshima. Mwalimu wetu, Bibi Hatch, alinichagua nisome hotuba, akisema dada wa marehemu atawagusa watu. Nilikubali kwa furaha ambayo haikuwa njema.

Niliposimama, niliiweka hotuba kando nikafungua barua yako ya Novemba. Nikasoma jinsi alivyomwamuru Alpheus na wenzake tisa waulinde ua wa mbao kando ya mto, akaaga kwamba anakwenda kuleta msaada, kisha akajificha nyuma ya magari ya farasi ya chakula mpaka mizinga iliponyamaza na Alpheus amekwisha kufa. Mama akainuka akasema, “Soma tena, mwanangu. Kwa sauti.” Nikasoma tena.

Burdette alisema mimi ni mtoto aliyefundishwa uongo. Mzee Tolliver akamjibu, “Basi keti, Kapteni, au kimbia. Ulishazoea.” Upanga ukarudishwa sandukuni, naye akatoka peke yake kwa mlango wa nyuma. Orrin, nilishiba kama niliyekula karamu.

Sasa lile linalonichoma. Wewe uliandika kwamba wenzako wanasema alijificha. Mimi nilisoma kwamba ulimwona wewe. Nilibadilisha kwa makusudi, kwa sababu niliona maneno ya kusikia hayatoshi kumwangusha mtu kama yule. Wazee wa mji wamekwisha kumwandikia kanali wenu, nao wamekutaja kuwa shahidi. Atakuita uape juu ya Biblia. Bado nataka Burdette avuliwe cheo mbele ya kikosi kizima, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe. Lakini sitaki uape uongo kwa ajili yangu, wala sitaki uonekane mwongo kwa ajili yangu. Bibi Hatch hajui, wala Mama hajui.

Mama anakubusu, na Mzee Tolliver anasema uiweke baruti yako pakavu. Mimi nakwenda posta kila siku baada ya shule, nikitumaini jibu ninalolitaka. Nijibu siku hiyo hiyo utakayoipata hii: kaka, ulimwona kwa macho yako?

Dada yako akupendaye,
Lovina