Maneno Niliyomwongezea Mama Paskalia

Segese, Msalala
Jumatatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini umeamka salama na yale magoti yaliyokusumbua wakati wa kuvuna pamba yametulia. Wajukuu hawajambo? Kaka Wiliam na wifi Nyamizi je? Mvua huko imenyesha, au nanyi mnayaangalia tu mawingu yakielekea Geita kama sisi huku? Mimi mwanao ni mzima wa mwili. Chakula kipo, paa halivuji, na kuku bado wapo ingawa kicheche ameanza kunipunguzia.

Najua utashangaa kupata barua wakati kila mtu siku hizi anapiga simu. Lakini kukupigia wewe ni sawa na kumpigia Wiliam. Unashika simu, unaitikia marahaba kabla sijatoa shikamoo, halafu unamrudishia akueleze kwa kukupigia kelele sikioni, na ua mzima unasikia. Mashine za kinu cha pamba zilichukua masikio yako zikakuachia macho, na leo ninayoyahitaji ni macho. Barua hii isome mwenyewe mpaka mwisho. Nimempa dereva wa gari la abiria la Noah linalokuja huko Mwakitolyo, na ameapa hataikabidhi kwa mtu mwingine yeyote.

Nianze na habari za kazi. Kibanda changu cha chai na chapati pale karibu na geti la kambi ya mgodi nimekifunga. Ile kampuni iliyokuwa ikijenga barabara za mgodini ilimaliza mkataba, vijana wakapakia mabegi yao wakaenda zao. Mimi niliendelea kukanda unga kwa mazoea, chapati nikawa nakula mwenyewe na kuku wangu. Aliyekuwa akiuza mitumba jirani yangu naye alifunga, na yule wa vocha, na wale akina mama wa maharage. Hapo ndipo nilipojua kwamba sote tulikuwa tumeegemea geti moja.

Baadaye ikaja asasi kutoka Shinyanga mjini inayoitisha midahalo ya wananchi katika vijiji vinavyozunguka migodi. Wanafunga maturubai, wanapanga viti vya plastiki na spika, kisha wanauliza nani amenufaika na uchumi huu, nani ameachwa nyuma, ajira zimekwenda wapi, na tutainukaje tena. Kila mtu ana ruhusa ya kusimama na kusema. Walihitaji mtu wa kutafsiri Kisukuma kwenda Kiswahili, maana wazee wengi wakitaka kusema jambo la moyoni, Kiswahili kinawaishia njiani. Mtendaji wa kijiji akanipendekeza mimi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na sina mtoto wa kunyonyesha. Alisema hivyo hivyo, mbele za watu, na mimi nikatabasamu nikasema asante.

Anayeongoza midahalo hiyo ni dada mmoja anaitwa Nirmala, wa ile familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa Shinyanga. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, lakini Kisukuma hana zaidi ya mwadila ya kusalimia na wabeja ya kushukuru. Alinipa sheria moja tu, kwamba nisiseme mzee huyu anasema hivi au mama yule anasema vile. Nisimame mahali pa msemaji na kusema mimi. Basi siku ya kwanza akasimama mzee akasema ana wake wawili na trekta hana, na mimi nikashika maiki nikawatangazia wageni kwamba nina wake wawili na sina trekta. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mzee mwenyewe alinipa mkono akaniita mwenzake.

Nimekuwa watu wengi, baba. Nimekuwa mchimbaji aliyevunjwa mguu na kifusi. Nimekuwa mfugaji aliyeamka akakuta malisho yake yamezungushiwa waya, na kijana mwenye cheti cha ufundi umeme anayefyeka nyasi za mgodi huku fundi umeme akiletwa kutoka mbali. Wageni wanapoleta maneno yao makubwa, mnyororo wa thamani na mengineyo, nayageuza kwa Kisukuma kadiri niwezavyo, na pale ninaposhindwa nasema ni namna ya mali kupita mikononi mwa watu wengi. Wazee hujibu kwamba mikono yao wameiosha na bado hawajaiona mali ikipita. Unajua wazee wetu, ulimi haujawahi kuwapungukia.

Lakini jioni maturubai yakishushwa, wageni hupanda gari lao kwenda kulala Kahama, na wananchi huondoka makundi makundi wakiendelea kubishana njiani. Mimi hubaki nikikunja nyaya za spika. Kutwa nzima nimesema mimi, mimi, na hakuna aliyeniuliza mimi mwenyewe naonaje. Kisha nakwenda kufungua kufuli nililolifunga kwa mkono wangu asubuhi. Hakuna kinachonichosha kama kufuli hilo. Nikishaingia nawasha redio, nayo iwe inasema chochote, napika ugali kidogo na kula nimesimama.

Unajua mume wangu Benjamini aliondoka kufuata rashi ya dhahabu, pale wachimbaji walipokimbilia kule Chunya, akasema akipata kidogo tu atarudi. Mwanzoni alipiga simu, kisha akawa anapokea nikimpigia mimi, kisha namba ikawa haipatikani. Uliniambia nikae kwa mume wangu nimngoje, nami nimekaa. Ila wakati wa kupalilia alipita mwenzake aliyetoka huko huko Chunya. Alikataa kukaa, akanieleza akiwa ameshika baiskeli yake, kwamba Benjamini ana nyumba nyingine na mwanamke na mtoto wa kiume, na kwamba nisimhesabu tena. Nilimshukuru, nikamkaribisha maji, akakataa na maji. Nilikwenda kwa wazee wa Benjamini Kahama kuwaeleza. Walinisikiliza vizuri. Wakasema mume akioa mke wa pili si kosa, na kwamba nikiondoka mimi, kwa kuwa sijamzalia, ng'ombe wao wa mahari watarudi nyumbani kwao.

Na ng'ombe hao wewe na mimi tunajua walikwenda wapi. Walioletwa kwa ajili yangu ndio waliotolewa Wiliam alipomwoa Nyamizi. Ndiyo maana nilinyamaza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mdahalo wa mwisho ulifanyika hapa hapa Segese, siku ya Jumatano, na watu wa redio walikuja kurekodi. Mada ilikuwa nani ana nini na nani hana. Walisema wengi, wa mgodini na wa kijijini, mpaka akasimama mama Paskalia. Huyu ni bibi mzee anayeuza karanga sokoni, na wanawe wa kiume wote walikwenda kwenye rashi. Alisema kwa Kisukuma kwamba wageni wanauliza nani ana shamba na nani ana kazi, lakini hawajauliza nani ana mtu nyumbani. Akasema yeye jioni akipika hana wa kumwambia kwamba chumvi imezidi. Hayo tu. Akaketi.

Niliyatafsiri yote, kama yalivyo. Nilipofika mwisho nilipaswa kushusha maiki. Sikushusha, baba. Mdomo uliendelea.

Nilisema mimi nina mume lakini amejenga kwingine. Nilisema nyumba ninayokaa si yangu, na biashara yangu iliondoka na watu wa mkataba. Siku za gulio huzunguka sokoni nikiulizia bei za vitu nisivyovitaka ili tu mtu aongee nami. Nilisema nataka kurudi kwa baba yangu, tena nalitaka jambo hilo kila siku nikiamka, lakini mahari yangu ndiyo iliyomwoa mke wa kaka yangu, na nikirudi mimi itabidi mwenzangu aondoke aache watoto. Nilisema kama mnaandika watu wasio na kitu, basi mimi ninacho kitanda na sufuria, ila sina pa kwenda. Sikumbuki kama nilisema na mengine. Nakumbuka tu kwamba sauti yangu ilikuwa inatoka kwenye spika, na nilikuwa nalia.

 Kisha kijana mmoja nyuma akapiga kelele kwa Kisukuma kwamba mbona bibi amesema maneno machache na mkalimani ametoa gunia zima, na isitoshe bibi hana mume, mumewe alishazikwa zamani. Watu wakaanza kucheka. Nilitamani ardhi inimeze. Hapo mama Paskalia akasimama tena, taratibu, akishikilia kiti cha mbele yake. Akasema kwa Kisukuma kwamba maneno yote yaliyosemwa pale ni yake, hakuna aliyeyaongeza, na anayetaka kucheka amcheke yeye.

Dada Nirmala akanigeukia akingoja tafsiri. Nikainua maiki, nikasema, maneno yote yaliyosemwa hapa ni yangu.

Baada ya watu kutawanyika Nirmala alinifuata kwenye nyaya. Hajui Kisukuma lakini si mjinga. Aliniuliza kama nataka aongee na watu wa redio wayakate yale ya mwisho, kwani kipindi kitarushwa Alhamisi hii.  Nilimwambia ayaache. Usiniulize kwa nini, maana mwenyewe sijapata jibu zuri. Nadhani nilichoka kuwa mtu ambaye hajasema kitu.

Mama Paskalia alinisubiri njiani. Hakuniuliza lolote. Tulikwenda naye mpaka kwake, akanikaangia karanga, tukala pamoja.

Basi hiyo ndiyo sababu ya barua. Alhamisi redio itasema, na wewe hutaisikia, lakini Nyamizi ataisikia. Huwa anaiweka karibu na jiko akichambua mboga, na sauti yangu anaijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye anayenipigia. Wiliam hupiga Krismasi. Nyamizi hupiga hata bila sababu, ananieleza mtoto kaota jino, ng'ombe kakanyaga bilauri, ananiita wifi yangu mpaka salio linakatika. Mtu pekee anayenikumbuka ndiye nitakayemvunjia nyumba. Jambo hili ndilo linaloniliza, baba, kuliko Benjamini na mtoto wake.

Nakuomba ukimaliza kusoma umwite Nyamizi kabla ya Alhamisi na umsomee barua hii kama ilivyo. Mwambie sitaki nafasi yake. Mwambie nimesema vibaya mbele za watu, lakini sikusema uongo.

Jumapili nitakuja na gari la asubuhi. Sitabeba godoro wala vyombo, nitakuja na kitenge na mkoba tu, ili majirani wakiuliza mseme nimekuja kukusalimia. Hata nikipata siku chache tu za kukupikia na kukaa nawe uani, nitarudi Segese bila neno, na sitawalaumu. Mambo ya ng'ombe ni ya wazee, watakaa na watu wa Kahama wayaongee kama yatakuwepo ya kuongea. Lakini kama baadaye mtaona nihamie huko moja kwa moja, baba, usimtume Wiliam kuja kulifuata godoro langu. Aje Nyamizi. Nisipomwona yeye mlangoni sitaondoka hapa Segese.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, na uwape pole majirani kwa ukame. Magoti uyakande kwa maji ya moto yenye chumvi, na usiende kuchunga siku za upepo. Mungu akutunze mpaka nitakapokushika mkono.

Ni mimi mwanao,
Justa