Macho ya Anitha Hayashuki

Runazi, Jumanne jioni

Sasa hivi Anitha ameinama mpaka kidevu kimegusa kifua, kisa harage moja lililoanguka miguuni. Macho yake hayashuki yenyewe, lazima kichwa kiyapeleke.

Mama mkwe husifu, "Mjukuu wangu ana heshima, akiamkia watu anainama!" Kusema kweli na mimi nilivimba kichwa. Mpaka daktari alipomshika kichwa, akashusha kalamu mbele yake, akasema huenda ni ugonjwa wa nadra wa kurithi, wa ubongo. Akatuambia twende hospitali ya rufaa. Mama mkwe akagoma: eti adabu haina dawa. Na mume wangu bila ruhusa ya mama yake haendi popote.

Leo jikoni nikamwambia mama mkwe apime mwenyewe. Akamshika Anitha kichwa, akapitisha mwiko. Kushoto, kulia, sawa. Akaushusha.

"Bibi, niachie kichwa, mwiko umekimbia!"

Mama mkwe akamwachia kichwa. Akanipima mimi, akampima baba mkwe, akampima hata fundi baiskeli aliyekuja kuomba maji. Macho ya wote yakashuka. Baba mkwe akauliza, "Ugali tutakula, au umekuwa daktari?"

Nilicheka, halafu nikaogopa. Kumbe ni kweli.

Daktari alisema ugonjwa ukijulikana jina, huenda ipo dawa ya kuupunguza kasi. Nashikilia hiyo huenda.

"Mama Anitha! Weka hilo daftari! Njoo ufunge mzigo wa mtoto, kesho tunaondoka na gari la kwanza!"

Tunaondoka? Na yeye? Abee mama, nakuja, ila Mungu wangu, naomba tu huko hiyo dawa iwepo.