Pale Palipokuwa Tambarare

Mjukuu wangu Kemunto,

Huku Kebirigo tu wazima. Nyanya yako anachuma chai, na ile migomba uliyoipanda imezaa.

Umeniuliza kama unyamaze kikaoni wenzako wakichagua uwanda laini wa sayari ya Mirihi ili roboti yenu itue hapo, ilhali wewe unaushuku mchanga wake.

Nilipokuwa karani kijana katika ofisi ya wilaya, nilitumwa kutafuta mahali ambapo helikopta ya mgeni ingetua. Niliogopa sana kukosea. Nikatazama ramani, nikachagua bonde tambarare lisilo hata jiwe, nikaenda kupigilia vigingi. Mama mmoja aliyekuwa akilima juu mlimani akacheka.

"Karani, unamjengea nani hapo?"

"Ni helikopta itatua, mama."

"Basi waambie waje na kamba. Ng'ombe wangu alizama hapo, akavutwa na wanaume sita."

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa Kisii analijua: kwetu, palipo tambarare ni kinamasi, ndiyo maana tunajenga mlimani. Nilirudi ofisini, nikamwambia mkubwa wangu kwamba nimekosea.

"Haya," akasema bila kuinua macho. "Wapi pengine?"

Tulichagua kilima chenye mawe, tukashinda siku mbili tukiyaondoa. Helikopta ikatua salama.

Huko Mirihi hakuna mama anayelima mlimani. Kikaoni, nadhani, mama huyo ni wewe.

Nyanya yako anakusalimu.

Babu yako