Pumzi Ulizozisoma Mbale

Bugembe, Jumatano

Ramlah,

Wewe umesoma namna gani, unaamini kidude kabla ya kuuliza watu? Haya, sasa salamu. Asalaam aleykum. Huko Mbale kuna baridi na najua hujavaa sweta. Sisi tupo. Mgongo umechoka, macho yamechoka. Naandika kwa sababu simu babu yako anakaa nayo mapajani, angenisikia.

Sijasahau siku uliyoleta nyenje kwenye chupa, ukanifundisha kwamba anausikia upepo wa mkono kwa vinywele vya mkiani kabla hujamgusa. Mimi nilikamata nyenje kabla mama yako hajazaliwa. Lakini nilikuacha unifundishe. Ukavichora vinywele vile, mashine ya chuo ikavijenga kwa plastiki, uzi juu ya uzi. Nilijivunia. Nilimwambia hata Christine wa dukani, ambaye haelewi kitu.

Kidude chenye vinywele hivyo ukakibandika chini ya pua ya babu yako Swaibu, kihesabu pumzi zake na kukutumia hesabu huko. Kabla gari lako halijafika Iganga alishakivua. Alisema yeye alikuwa askari, hakai na mdudu puani.

Juzi ukapiga simu unacheka. Ukasema pumzi za babu zimetulia, hospitali ingoje mpaka Jumatatu, ukishawaonyesha walimu kazi yako. Sasa nikuulize: mzee anayekohoa mpaka kikombe kinamponyoka, hicho kikohozi ulikiona wapi kwenye hesabu zako? Hukujiuliza?

Zile pumzi ni zangu. Siku tisa nimekivaa mimi, nikimenya ndizi, nikifua, nikilala. Niliona nakulindia kazi yako isiharibiwe na ukaidi wa mzee. Kidude chako hakikusema uongo. Niliyesema uongo ni mimi, na hilo sitalirudia.

Tangu jana hawezi kulala chali, na midomo imekuwa ya kijivu. Nikimwambia twende hospitali, ananijibu, "Mashine ya Ramlah imesema mimi mzima." Nimechoka kubishana na pumzi zangu mwenyewe.

Msalimie Nandutu unayekaa naye, mwambie sufuria yangu airudishe. Hizo siku tisa zifute, na walimu uwaambie kwa nini. Halafu uje umwambie babu yako kwa mdomo wako kwamba ni mgonjwa. Wewe atakusikia.

Mimi jaja, bibi yako,
Hadijah

Wabwire aliyekupa barua hii anarudi Jinja sasa hivi. Usiisome mara ya pili. Panda gari uje naye.