Betri za Redio

Shoga, niko uwanja wa ndege, sijui nijifiche wapi.

Nilipolipima nyumbani, begi langu la kamera lilizidi uzito, nikachomeka lenzi na betri kwenye mkoba wa mama bila kumwambia.

Mkaguzi kazimwaga mezani. "Mama, betri hizi za nani?"

"Zangu. Za redio."

Mama! Asiyedanganya hata umri wake!

"Redio iko wapi?"

Akaninyooshea kidole. "Hiyo hapo. Tangu asubuhi haijanyamaza."

Watu hoi kwa kicheko. Wakatupitisha.

Amedanganya kwa ajili yangu, shoga. Mama!

Sasa tunasubiri ndege. Kaupekua mkoba wote, kisha kaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kipochi changu cha dawa za presha umekihamishia wapi?"

Kiko nyumbani, kitandani. Nilikitoa mimi, lenzi ipate kuenea.