Nani Alimpiga Picha Mtu wa Mtumbwi?

Kapata, Kolwezi
Mwanzo wa mvua

Mama yangu Ngoie,

Goti lako linasemaje? Bado linajua mvua kabla ya mawingu? Natumaini barua hii inakukuta umeketi, kwa kuwa ni ndefu, na kuna mahali ndani yake utataka kusimama. Najua anayekusomea ni kaka Banza, mwalimu. Kaka, jambo yako. Nakuomba kitu kimoja tu: usiruke neno. Nakufahamu, ukifika mahali pagumu unakohoa na kugeuza ukurasa.

Huku mwili ni mzima. Marthe mdogo, mjukuu wako anayebeba jina lako la ubatizo, ameota meno mawili mapya ya mbele na anayaonyesha kila mtu hata asiyeuliza. Mke wangu Kapinga ni mzima pia. Mimi nimechoka, mama. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe haipo. Unakumbuka nilivyokusimulia ile honi ya kampuni iliyokuwa ikituamsha Kapata nzima? Imenyamaza. Lakini sisi tunaamka saa ile ile, tunakaa kitandani, tunatazamana. Mashine zimesimama, wazungu wamekwenda zao, na duka la kampuni limebaki na mizani bila kitu cha kupima.

Ya pili umekwisha kuyasikia kwa Baba Ramazani, mnunuzi wa samaki, yeye anayekuletea barua hii. Wakasai wanafukuzwa. Watu ambao baba zao waliletwa hapa na kampuni kuchimba shaba, waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, wanaambiwa warudi kwao. Majirani waliokuwa wakiombana chumvi leo wanang'oleana milango. Nimeona kwa macho yangu, mama, na wengine wanaofanya hivyo ni watu wa kwetu, wanasema lugha yetu. Nina haya.

Waliofukuzwa wanaitwa refoulés. Wanangoja treni ya Kasai, na treni inakuja inapotaka. Shule zilipojaa, wengine waliletwa kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, ule ambao mimi ndiye mtu wa mashine ya sinema. Siku moja nina viti vitupu, siku ya pili nina mikeka, masufuria, vikapu vya kuku na wagonjwa. Watoto walilia mchana kutwa. Basi nikasema moyoni, Numbi, huna unga wa kuwapa, lakini mashine unayo na umeme leo upo.

Filamu za karate zote zilikwisha kuibwa. Lilibaki sanduku moja aliloacha injinia mmoja mzungu alipokimbia, bobini nne za mkanda wa filamu, hakuna mwizi aliyezitaka. Nikafunga mapazia saa tisa mchana nikaziweka. Hazikuwa na vita wala mapenzi. Ilikuwa ni mtu mmoja mwenye ndevu, ndani ya mtumbwi mwembamba, anapiga kasia peke yake katika nchi ya baridi isiyo na watu. Miti, mawe, maji. Siku kumi, mwezi, miezi. Anapika uji kwenye kikopo, anafukuza mbu, analala. Akifika penye maporomoko anaupindua mtumbwi, anaubeba kichwani, na unachoona ni miguu tu chini yake. Wanawake walicheka, mama! Ilikuwa siku nyingi sijasikia kicheko ndani ya ule ukumbi.

"Angalieni, sasa mutumbwi njo inamupanda ye!"

Lakini mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa treni ya mgodini, hakucheka. Akaniuliza, "Tata Numbi, huyu naye banamufukuza? Juu ya nini?"

Nikamwambia hapana, mzee, huyu amekwenda kwa kupenda kwake. Anatembea tu.

Ukumbi mzima ulinikatalia. "Mutu hawezi kutoka kwake bila bibi, bila batoto, na hakuna mwenye kumufukuza," akasema mama mmoja, na wote wakaitikia. Nikabisha kidogo, nikaacha. Watu walioona walichoona, utawaambia nini? Tangu saa ile mzungu yule alikuwa mwenzao. Jioni waliposali walitaja wagonjwa wao, wakataja walioachwa njiani, kisha yule dereva akaongeza, "Na ule muzungu wa mutumbwi, Mungu amufikishe." Wakasema amina kwa sauti kubwa.

Siku ya pili wakataka tena. Na hapo mzee akaleta swali ambalo mimi, mtu wa mashine miaka yote hii, sikuwa nimejiuliza.

"Unasema eko peke yake. Sasa nani anamupiga foto?"

Wengine wakasema yupo rafiki amejificha. Mama mmoja akasema ni mke wake ndiye anashika kamera, ila hataki kuonekana kwa sababu nywele hazijasukwa. Nikarudisha mkanda nyuma, nikatazama vizuri. Anaonekana anakwenda, anapiga kasia, mtumbwi unazidi kuwa mdogo mpaka hauonekani tena, maji yanabaki matupu. Kisha, kabla picha haijakatika, kuna kivuli, na mkono mkubwa unafunika kioo. Mkono wake mwenyewe. Nikaelewa. Anaiacha kamera juu ya jiwe, anakwenda, kisha anageuza mtumbwi na kurudi kuichukua. Ndipo anaendelea. Kila mahali unapomwona anakwenda, alirudi.

Nikawaeleza. Yule dereva akatikisa kichwa. "Basi ile safari anaifanya mara tatu. Pole yake."

Kapinga alikuwa amesimama mlangoni, amempakata Marthe. Alisikia yote.

Sasa, mama, nikuambie nisilokuambia. Kaka Banza, hapa ndipo unapokohoa. Soma.

Kabla ya siku ile ya kamera, majirani walinijia. Walisema mimi ni mtoto wa nchi, hawana neno na mimi, lakini mke wangu ni Mkasai, lazima apande treni. Na mimi nilikubali. Sikupigana, sikubisha hata kama nilivyobishana juu ya mzungu. Niliandikisha jina la Kapinga na la mtoto, waende Kasai kwa ndugu ya baba yake ambaye hajamwona hata siku moja. Mimi nibaki kulinda nyumba, maana nyumba ya kampuni ukiitoka leo, kesho ina mwenyewe mwingine. Nilimwambia, "Tangulia, nitafuata." Wewe pia ulinisaidia, mama, usikasirike. Ramazani aliniletea neno lako: "Rudi kwetu, mwanangu, lakini urudi peke yako." Nikajisemea, hata mama anaona hivyo.

Siku ile ya kamera tulipofika nyumbani, Kapinga alikunja nguo za mtoto, akaniuliza bila kuniangalia:

"Ule muzungu anarudilia mashini yake. Sisi utaturudilia?"

Nikasema nitawarudilia. Mama, sauti yangu mwenyewe niliisikia, haikuwa na nguvu.

Treni ilipokuja, ukumbi wote ulibeba mizigo kwenda stesheni, nikawasindikiza. Kapinga na Marthe walikosa nafasi, wakaambiwa wangoje nyingine. Watu walipanda hata juu ya mabehewa, na mvua inanyesha. Yule dereva alikuwa amekaa mlangoni pa behewa, akaniita.

"Tata Numbi! Haukutuonyesha mwisho. Alifika?"

Mama, mwisho sina. Bobini ya tano haikuwemo kwenye sanduku. Ya nne inaishia mto unaanza kuganda na yeye bado anapiga kasia. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na nyuma yake wengine wengi, na wote walitaka kujua. Nikasema:

"Alifika. Mama yake alimungojea ku mayi. Moto ilikuwa inawaka."

"Ah," akasema mzee, "aksanti." Akawageukia walio ndani akawapa habari, nikasikia wanapiga makofi. Treni ikaondoka.

Kapinga, ambaye ndiye hufuta vumbi kwenye lile sanduku, akasema polepole, "Bobini ya tano haiko."

"Haiko."

"Basi ulibadanganya."

"Nilibadanganya."

"Na mi, siku yangu ya kupanda, utanidanganya nini?"

Asubuhi yake nilikwenda nikaongeza jina langu kwenye orodha. Ufunguo wa nyumba nimempa jirani mmoja wa wale waliokuja kuniambia. Aliupokea na hakuweza kunitazama usoni.

Sikiliza basi tutakavyofanya. Treni ya Kasai inavuka Lualaba pale Bukama. Hapo tutashuka, sisi watatu, tuwaache wenzetu waendelee. Meli ya mtoni haitembei tena, kwa hiyo nitatafuta mtumbwi, tushuke na maji mpaka kwetu. Kasia nililiacha tangu utoto, marehemu baba alikuwa akisema napiga maji kama anayefukuza kuku. Nitajifunza njiani. Wavuvi wa mafunjoni watatuelekeza. Ramazani atatutangulia kwa siku nyingi, ndiyo maana nampa yeye barua.

Mama, mwaka ule nilipomleta Kapinga kwako mara ya kwanza, ulimpikia. Siku zote nane ulimletea chakula kwenye sahani nzuri, ukamnyima kazi, ukamnyima kuni. Watu walisema, ona mama Ngoie anavyomheshimu mkamwana. Lakini wewe na mimi tunajua, na yeye pia alijua. Mkamwana hupewa mafiga yake matatu, awashe moto nyuma ya nyumba ya mama mkwe, apike. Anayeletewa sahani ni mgeni, na mgeni huenda zake. Hakuwahi kulisema neno hilo mpaka leo. Mimi nilinyamaza pia, na hilo linaniuma kuliko nyumba.

Nisalimie dada yangu mkubwa na wanawe wote, nisalimie mjomba mfua chuma, na katekista aliyenibatiza, na bibi jirani anayeuza mawese, mwambie sijasahau. Kaka Banza, kwako salamu za peke yake, ukisoma mpaka hapa bila kukohoa.

Jibu la barua halitanifikia, kwa hiyo sikuombi uandike. Tukikaribia kijiji nitatazama ukingoni, pale unapotekea maji. Nikiona mafiga matatu, Kapinga atashuka wa kwanza. Nisipoyaona, nitausimamisha mtumbwi tu, nikusalimie kwa magoti, umshike Marthe uone meno yake, kisha tutaingia wote watatu mtumbwini na kuendelea kufuata maji. Peke yangu sishuki.

Wale waliopanda treni wanaamini kwamba mama wa yule mtu alikuwa mtoni na moto unawaka. Niliwaambia mimi, na walipiga makofi.

Mama, usinifanye mwongo.

Mwanao,
Numbi