Dume Jeusi Kwenye Runinga

Bariadi, Alhamisi

Esteria wangu uliyeko Mwanhuzi,

Mwangaluka, mrembo. Huku wote wazima, pamba imechanua, na mimi nazidi kuwa mzuri.

Uliniandikia kwamba runinga ya OLED ya Ferdinand, yule afisa kilimo mgeni, inaonyesha mpaka jasho la mchezaji. Basi nikaenda madukani kuhakikisha. Nikamwambia muuzaji aweke video ya ng'ombe, maana kwa ng'ombe mimi sidanganyiki. Kwenye runinga ya laki tisa dume jeusi lilionekana la kijivu. Kwenye OLED ya milioni nne lilikuwa jeusi kweli, nusura nilipigie mluzi. Nakubali, Ferdinand hakupigwa bei.

Ila milioni nne ni ng'ombe wangu wote wa mahari yako. Muuzaji alinibembeleza, nikakataa. Jumapili nawaswaga mpaka kwa baba yako awakague mwenyewe.

Tatizo ni kaka yako Shida. Kasema sebuleni kwa Ferdinand kuna kochi moja tu, tena dogo. Mambo ya runinga yameisha, Esteria. Niambie kabla sijafungua zizi: wewe huwa unakaa wapi?

Wako mpaka utakapojibu,
Mayunga